Vipepeo wa Ssese Ndani ya Droo za Oxford

Katika Chuo Kikuu cha Oxford, nchini Uingereza, yupo kipepeo mmoja mweupe mwenye madoa ya kijivu aliyekamatwa mwezi Mei 1702 karibu na kijiji cha Gamlingay. Kwa sisi watu wa pwani, hesabu ni rahisi: Wareno walikuwa wametimuliwa Ngome ya Yesu, Mombasa, miaka minne tu nyuma. Kipepeo huyo hajawahi kutolewa kwenye pini yake, na anatajwa kuwa mdudu mkongwe kuliko wote duniani ambao bado wamekaa juu ya pini waliyochomwa siku za kwanza.

Hayuko peke yake. Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya chuo hicho yana wadudu zaidi ya milioni 5, na kwa Uingereza nzima ni makumbusho ya taifa ya London tu yanayoyapita.

Hazina hiyo ilianza kwa mapenzi ya mtu mmoja na fedha za mke wake. Frederick William Hope alikuwa kasisi aliyewapenda mbawakavu kupita kiasi. Alimwoa Ellen Meredith, binti wa tajiri, na ukwasi huo ukamwezesha kununua mikusanyo ya wenzake. Mwaka 1849 alikikabidhi chuo wadudu wake. Baadaye akatoa na fedha za kuanzisha kiti cha profesa wa elimu ya wadudu, kiti ambacho hadi leo kinabeba jina lake.

Wa kwanza kukikalia, mwaka 1861, alikuwa John Obadiah Westwood. Jina lake halijulikani kwetu, lakini kazi yake tunaijua vizuri: mwaka 1850 ndiye aliyempa mbung'o mmoja jina la kisayansi la Glossina morsitans, yaani mng'ataji, baada ya kuletewa mainzi kutoka kusini mwa Afrika na Meja Frank Vardon, mwindaji. Westwood hakuyakubali mawazo ya Charles Darwin kuhusu uteuzi wa asili hata kidogo. Ajabu ni kwamba chumba cha makumbusho hayo ambamo Thomas Huxley, mtetezi wa Darwin, na Askofu Samuel Wilberforce, mpinzani wake, walirushiana maneno makali, tarehe 30 Juni 1860, kilikuja kuwa sehemu ya makao ya wadudu hao hao.

Westwood alipofariki mwaka 1893, mambo yaligeuka. Edward Bagnall Poulton, aliyeshika nafasi hiyo kwa miaka 40, alikuwa mtetezi mkubwa wa Darwin, na ushahidi aliuona katika mbawa za vipepeo wa Afrika. Ndege akishamwonja kipepeo mwenye sumu, hamrudii. Kipepeo asiye na sumu lakini mwenye sare ile ile hunusurika kwa hofu ya bure ya ndege huyo. Bingwa wa mchezo huu ni Papilio dardanus. Dume ni wa manjano, mwenye mikia. Majike wengi hawana mikia na huvaa sare mbalimbali, huyu ya rangi ya chungwa, yule nyeusi na nyeupe, kila mmoja akimwiga kipepeo mwingine mchungu. Wataalamu wa mwanzo walidhani majike hao ni aina tofauti kabisa, mpaka Roland Trimen wa Afrika Kusini alipowaeleza katika miaka ya 1860 kwamba hao wote ni wake wa bwana mmoja.

Poulton hakuhitaji kuja Afrika. Aliandika barua. Mmisionari Kenneth St Aubyn Rogers alimtumia wadudu kutoka Rabai, nyuma ya Mombasa, na daktari C. A. Wiggins alimtumia wengine kutoka Entebbe. Majina ya wenyeji waliosaidia kukamata wadudu wa namna hii mara nyingi hayakuandikwa, na hilo ni deni la makumbusho mengi ya Ulaya.

Lakini simulizi inayomgusa zaidi msomaji wa Afrika Mashariki ni ya daktari Geoffrey Hale Carpenter. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba mwenezaji ni mbung'o, na miaka michache baadaye serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa vya Ssese, ndani ya ziwa hilo. Carpenter aliwasili Uganda mwaka 1910 kuchunguza mbung'o katika visiwa hivyo vilivyobaki bila watu. Alitafuta mahali wanapozaliana kwenye mchanga wenye kivuli ufukweni, akabaini pia kuwa nzohe, yule swala wa majimajini, alikuwa akiwahifadhia mbung'o vimelea vya ugonjwa hata baada ya binadamu kuondoka.

Kazi ya mbung'o ikiisha, alikamata vipepeo. Aliandama aina moja, Pseudacraea eurytus, wanaowaiga vipepeo wenye sumu wa jamii ya Acraea. Kwenye visiwa ambako wenye sumu walikuwa wachache, aliwakuta waigaji wengi wenye sura za katikati, wasiofanana barabara na yeyote. Bara, ambako wenye sumu walijaa, waigaji wa namna hiyo walikuwa adimu. Maana yake, pasipo na wa kuigwa, ndege hawana funzo la kukumbuka, na sare mbovu haimgharimu mwenyewe. Uteuzi wa asili ulikuwa unahesabika, kipepeo kwa kipepeo. Mwaka 1933 Carpenter akamrithi Poulton pale Oxford.

Hoja hiyo yote imesimama juu ya kipande cha karatasi kidogo kuliko kucha: lebo iliyo chini ya mdudu, yenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Mdudu asiye na lebo ni pambo tu. Ukichanganya lebo za kisiwa na za bara, miaka ya kazi ya Carpenter imekwenda na maji.

Adui wa hazina hii ni mdudu pia. Mbawakavu mdogo wa jamii ya Anthrenus, mviringo kama punje ya mtama, hupenya droo na kutaga. Mabuu wake wenye manyoya hula wadudu wakavu kimyakimya, na dalili mojawapo ni unga wa kahawia chini ya pini. Zamani walipigwa kwa nafthalini, ile ile inayonuka kwenye masanduku ya khanga za bibi, na hata kwa sumu ya aseniki, dawa zilizowadhuru watunzaji wenyewe. Siku hizi sampuli inayoingia hutengwa kwanza na kugandishwa kwa siku kadhaa katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na mitego ya gundi hukaguliwa mara kwa mara. Mwanga hupausha mbawa, unyevu huleta ukungu, na pini za shaba za zamani hutoa kutu ya kijani inayompasua mdudu, hivyo hubadilishwa kwa zile zisizoshika kutu. Mkono mmoja ukitetemeka, kipapasio kimevunjika.

Wadudu wa Uingereza peke yao, zaidi ya milioni 1, wamepangwa upya katika droo mpya kwa mradi wa miaka ya karibuni. Mikusanyo hii hupokea watafiti kwa miadi. Wanafunzi wa elimu ya wadudu wa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam wasingoje kualikwa: waandike, waombe kuonyeshwa wadudu wa Rabai, Entebbe na Ssese.