Rejista Inajua Kuliko Ubao wa Matokeo

Ukitaka kuijua shule ya msingi ya huku kwetu mlimani Kilimanjaro, usianze na ubao wa matokeo ulio ofisini kwa mwalimu mkuu. Omba rejista ya uandikishaji. Kila mtoto aliyepita ana mstari wake: jina, mwaka wa kuzaliwa, mzazi au mlezi na kazi yake, na mwishoni sababu ya kuondoka. Nimefundisha Marangu mpaka nikastaafu, na naziamini safu hizo kuliko alama.

Shule zetu nyingi ni watoto wa misheni. Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1890, Walutheri wa Leipzig wakaanzia Machame 1893, na katika kugombea waumini wakaacha darasa karibu kila mtaa. Yaliyobaki yalilipwa na kahawa. Mkulima aliyeuza kupitia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoundwa 1933, alikuwa na ada mkononi, na watoto wake wakasoma. Si wote waliofika mbali. Kulikuwa na mtihani wa darasa la nne, chujio lililowarudisha wengi nyumbani wakiwa bado wadogo, wasichana hasa.

Mwaka 1973 ada ya shule ya msingi ikafutwa, na Novemba 1974 TANU, chama tawala, ikakata shauri Musoma kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Kwingine nchini ilikuwa kishindo: vijana waliomaliza darasa la saba wakawa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, wakijifunza ualimu huku wakifundisha. Kwetu idadi haikutushtua sana, maana watoto wengi walikuwa wamekwisha andikishwa. Tulichogonga ni mlango wa kidato cha kwanza. Sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na nafasi zake zikagawanywa kimkoa ili mikoa ambayo misheni na zao la biashara havikuifikia nayo ipate watu wake. Ilikuwa haki, na nitaitetea hata leo. Lakini jaribu kumweleza hivyo mama ambaye binti yake ameachwa akiwa na alama ambazo mkoa mwingine zingempeleka sekondari. Ubao ukionyesha wawili wamechaguliwa, mwaka unaofuata hakuna, watu walisema walimu wamelala. Walimu walikuwa walewale, na watoto wa nyumba zilezile. Wazazi nao hawakungoja. Miaka ya 1980 makanisa, Jumuiya ya Wazazi na wananchi wenyewe walijenga sekondari zao mkoani humu, nyingine zikianzia kwenye majengo ya shule ya msingi.

Kisha ukaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Mwaka 2002 michango iliyokuwa imerudi kimyakimya ikaondolewa, na wanafunzi wa shule za msingi nchini wakapanda kutoka kama milioni 4.8 hadi karibu milioni 6 kwa mwaka mmoja. Kwingine watoto walikaa sakafuni. Kwetu madawati yakaanza kubaki wazi. Kihamba, shamba la ukoo, kilikuwa kimegawanywa kwa wana mpaka hakigawiki tena, bei ya kahawa imeanguka, vijana wameshukia Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam. Waliobaki na uwezo wakawapandisha watoto kwenye mabasi ya njano ya shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza.

Rejista ikabadilika sura. Safu ya mlezi ikajaa mabibi. Yakaingia majina ya ukoo yasiyo ya Kichagga, watoto wa vibarua wanaolisha ng'ombe wa watu. Hao unawazoea, halafu katikati ya muhula mstari unafungwa: amehama. Wajukuu wa mabibi hufika shuleni wamekwisha kata majani, na jioni bibi, ambaye chujio la darasa la nne lilimwacha palepale, hana la kuwaambia juu ya hesabu za sehemu.

Watoto wa namna hiyo wakiwa 14 tu darasa la saba, wastani ni kamari. Mmoja akiugua malaria wiki ya mtihani, shule nzima inashuka. Baraza la Mitihani, NECTA, wenyewe waliliona hilo, wakawa wanazipanga kando shule zenye watahiniwa chini ya 40. Na Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka bila orodha ya kumi bora, nilifurahi ingawa nilikuwa nimeshastaafu.

Fedha ndiyo haijabadilika. Elimu bila ada ya 2016 ilileta ruzuku kila mwezi, ila huhesabiwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zikakatwa za vitabu, 6,000 zikaja shuleni. Shule yenye watoto 120 hupata 720,000, na humo itoe chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Paa la darasa lenye watoto 12 huvuja sawasawa na la wenye 50, na fundi wa bati hapunguzi bei.