Kupanda Rivington, kupanda mingazi

Leo nawaletea historia ya mlima mmoja wa Uingereza. Najua mtaniuliza: siye na milima ya Bulaya, wapi na wapi? Mnivumilie kidogo, mtaona njia inavyotufikisha mpaka Kwilu.

Kaskazini ya mji wa Bolton, karibu na Manchester, nyumba na viwanda vinaisha ghafla na nchi inaanza kupanda. Msitu hakuna. Ni nyika ya baridi na upepo, majani magumu, na udongo mweusi unaoshika maji kama sponji, uliotokana na mimea iliyooza polepole kwa maelfu ya miaka. Kuna kichaka kifupi chenye maua ya zambarau, ndugu mdogo wa ile miti ya ajabu iliyo juu kule Ruwenzori. Fasi ya juu kabisa inaitwa Winter Hill, mita 456. Pembeni, pale nyika inapokatika kuelekea bahari, kuna kilima cha Rivington Pike, mita 363, na juu yake kijumba cha mawe kama mnara, kilichojengwa 1733 kwa ajili ya wawindaji. Kwetu Kivu mita 363 si kitu, ziwa lenyewe liko juu mara 4 ya hapo. Lakini nilipofika pale, mbingu ikiwa safi, niliona tambarare yote ya Lancashire, bahari ikimeta, na milima ya Wales kwa mbali kama moshi. Nikaelewa kwa nini watu wa Bolton wanapanda pale kila Ijumaa Kuu, wazee na watoto.

Ile haki ya kupanda haikuwa ya bure.

Zamani nyika kama hizi zilikuwa mali ya wote: watu walichunga kondoo, wakachimba udongo mweusi wa kuwashia moto. Kisha sheria za kugawa ardhi zikazitia katika mikono ya matajiri wachache. Karne ya 19 wale matajiri wakagundua starehe mpya: kufuga ndege wa porini wanaofanana na kwale, na kuwapiga bunduki kuanzia tarehe 12 mwezi wa 8. Ndege hao hawapendi makelele, basi watu wakafukuzwa. Bolton ilikuwa mji wa pamba, moshi kila fasi, na mfanyakazi wa kiwanda alingojea siku ya yenga ili apate hewa. Mlima ulikuwa pale mbele ya macho yake, na njia imefungwa.

Mwaka 1896 Kanali Richard Henry Ainsworth, mwenye eneo la Smithills, ambaye familia yake ilitajirika kwa kung'arisha vitambaa, alifunga barabara ya Coalpit Road inayopanda Winter Hill. Akaweka geti na walinzi. Wasosialisti wa mji, pamoja na mwandishi wa habari Solomon Partington, wakatangaza kwamba siku ya yenga, tarehe 6 mwezi wa 9, watu watapanda hivyo hivyo. Walianza wachache. Kadiri walivyopita mitaa, watu wakatoka nyumbani na kujiunga, mpaka hesabu ikafika karibu 10,000. Pale getini polisi na walinzi walikuwa wanangoja, kukatokea vurugu, geti likavunjwa, batu wakapita. Walivuka mlima mpaka kijiji cha Belmont upande wa pili. Yenga iliyofuata wakarudi, wengi zaidi.

Kanali akaenda tribinali, na mwaka 1897 akashinda. Viongozi wakahukumiwa kulipa gharama za kesi, na watu wa mji wakawachangia. Njia ile ilikuja kurasimishwa kuwa ya umma karibu miaka 100 baadaye. Wengi wakisikia habari hii wanafikiri ni ushindi. Mimi naona ni kushindwa kwa muda mrefu sana, ila kushindwa ambako hakuna aliyekufa. Mshike hilo neno, nitalirudilia.

Sasa anaingia bwana mwingine. William Lever alizaliwa Bolton mwaka 1851, mtoto wa muuza duka. Ndiye alitengeneza sabuni ya Sunlight, akawa tajiri mkubwa kuliko karibu wote waliotoka mji ule. Karibu mwaka 1900 alinunua eneo la Rivington. Pale mteremkoni, chini ya Rivington Pike, akajenga nyumba ya mbao na bustani za ngazi-ngazi: madaraja, maporomoko ya maji ya kutengeneza, ziwa la mtindo wa Japani, mnara wa njiwa. Mchoraji wa bustani alikuwa Thomas Mawson. Na Lever akafanya jambo ambalo kanali asingelifanya hata siku moja: sehemu kubwa ya chini akawapa watu wa Bolton kama uwanja wa kutembea. Bonde lile lina mabwawa ya maji ya kunywa ya mji wa Liverpool, na Liverpool ilitaka ardhi yote ili maji yasichafuliwe. Ugomvi ukafika bungeni, na sheria ya 1902 ikailinda haki ya umma kutembea pale bila kulipa. Mwaka 1913 Edith Rigby, mmoja wa wanawake waliodai kura, alichoma ile nyumba ya mbao. Lever akajenga nyingine, ya mawe.

Mtu mwema, si ndivyo? Bolton wanamkumbuka hivyo, na kwa macho yao hawakosei. Lakini siye tuna kumbukumbu nyingine.

Sabuni inataka mafuta. Tarehe 14 mwezi wa 4 mwaka 1911, Lever alitia sahihi mapatano na leta ya Ubelgiji, na kampuni ya Huileries du Congo Belge ikazaliwa. Alipewa maduara 5 katika ramani ya Kongo, kila duara na upana wa kilomita 60 toka katikati, na ndani yake haki ya kuchagua mpaka hekta 750,000 za mingazi. Lusanga ikaitwa Leverville. Ebonda ikaitwa Alberta, Lokutu ikaitwa Elisabetha. Karatasi ilikuwa nzuri: mshahara usiopungua santimu 25 kwa siku, munganga na shule kwa kila duara.

Kazi yenyewe mnaijua, bado iko. Mtu anajifunga mkanda kiunoni na kwenye shina, anapanda mungazi, anakata kichala, anashuka, anahamia mwingine. Watu hawakuitaka kwa bei ile. Basi leta ikasaidia kampuni: kodi lazima ilipwe kwa franka, na franka inapatikana kwa kukata ngazi. Machifu wakashurutishwa kutoa vijana, walioshindwa wakajua fimbo na buloko. Jules Marchal, aliyekuwa balozi wa Ubelgiji kabla ya kugeuka mwanahistoria, ameonyesha kwa nyaraka za serikali yenyewe kwamba ile ilikuwa kazi ya nguvu, na kwamba iliendelea miaka mingi baada ya Lever kufa mwaka 1925.

Baada ya mwaka 1929 bei ya mafuta duniani ikaanguka. Kampuni ikapunguza malipo ya matunda, kodi ikabaki palepale. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu wakasema basi, hatupandi tena. Mwezi wa 6 wakamuua Maximilien Balot, afisa wa leta. Jeshi la Force Publique likaja, na Wapende zaidi ya 500 wakauawa.

Njo hapa ninaporudi kwa lile neno. Bolton, watu 10,000 walidai haki ya kupanda mlima, wakavunja geti, wakaandikiwa bili ya mahakama. Kwilu, watu walikataa kupanda miti ya nchi yao wenyewe, wakapigwa risasi. Ni miaka 35 tu katikati, na jina la Lever liko kwenye ramani za fasi zote mbili.

Sitaki tuvuke mpaka wa ushahidi, maana nasikia vijana wakisema kila jiwe la bustani ya Rivington limelipwa na jasho la Mkongomani. Hapana. Kazi ya bustani ilianza 1905, kabla ya mapatano, na utajiri wa kwanza wa Lever ulitoka kwa mafuta ya fasi nyingine. Tunachoweza kusema ni kwamba ujenzi uliendelea mpaka miaka ya 1920, wakati Leverville inafanya kazi, na mfuko ulikuwa wa bwana mmoja. Kwangu hilo linatosha. Tena lina uzito zaidi, kwa sababu linamwonyesha mtu aliyejua vizuri sana hewa safi na mandhari vinamfaa nini mfanyakazi. Alijua, akatoa kwa wa kwao.

Leo nyumba ya mawe haiko, ilibomolewa 1948. Bustani zilimezwa na magugu, na miaka ya hivi karibuni zimefanyiwa ukarabati mzuri. Tangu sheria ya mwaka 2000, nyika nyingi za Uingereza ziko wazi kwa mtembea kwa miguu. Bandugu zetu walioko Bolton, na wako wengi, nendeni, ni bure. Mchukue koti la mvua hata kama jua linawaka, na viatu ambavyo hamuogopi kuvichafua. Mkifika kwenye mnara wa njiwa, watoto waambieni habari ya Lusanga, maana wao wanazaliwa kule na hakuna mwingine atakayewaambia.

Na Lusanga yenyewe? Mwaka 2009 Unilever iliuza mashamba yake ya Kongo. Udongo umechoka. Lakini pale kuna kundi la wafanyakazi wa mashamba, CATPC, wanaochonga sanamu na kuziuza nchi za nje, na kwa franka hizo wananunua tena ardhi ya mababu na kuipanda miti na chakula. Mwaka 1931 Mpende mmoja alichonga sanamu ya Balot ili kuifunga roho yake isidhuru watu. Sanamu ile ilikuwa imekaa miaka mingi katika jumba la makumbusho kule Virginia, Marekani. Mwaka 2024 ilirudi Lusanga, kwa kuazimwa tu.