UZI: "Akili ni ya damu", hoja inayorudi kila msimu wa kura

Uchaguzi ukikaribia lazima tuisikie. Mtoto wa kiongozi wa zamani anatangaza nia, na kabla hajataja sera hata moja wafuasi wameshaandika: "Huyo amerithi akili ya babake." Wapinzani nao wanamrukia mgombea mwingine: "Kwao hakuna aliyemaliza shule, atatuongoza na nini?" Wanatukanana, lakini hoja yao ni moja. Na hoja hiyo ina historia. Ukurasa wake mchafu uliandikwa hapahapa Nairobi.

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1869 Francis Galton alitoa kitabu, Hereditary Genius. Alichukua majaji, viongozi wa serikali na wanasayansi, akahesabu jamaa zao, akakuta wengi nao ni watu mashuhuri. Akaamua: kipaji kinarithiwa. Sasa jiulize, jaji anamwachia mwanawe nini? Jina, pesa, shule nzuri, marafiki wa baba. Galton aliyaona hayo ni mambo madogo. Mwaka 1883 akalipa jina wazo la kuboresha binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae: eujeniki.

Lakini Galton huyohuyo, mwaka 1886, alipima urefu wa wazazi na watoto. Wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, ndiyo, ila kwa wastani hawakufikia wazazi wao. Walirudi kuelekea katikati. Wanaosifia damu za koo za kisiasa ukurasa huo huwa hawaufungui.

Haya, Nairobi. Mwaka 1933 walowezi na madaktari walianzisha chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Sauti yake kubwa ilikuwa daktari H. L. Gordon, aliyehudumu hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwenzake, F. W. Vint wa maabara ya serikali, alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini, na mwaka 1934 akachapisha kwamba ubongo wa Mkenya mwenyeji ni mwepesi kuliko wa Mzungu. Aliandika hata kwamba ukuaji wake unaishia pale alipo mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane.

Soma tena hapo. Mtu mzima, mwenye mke, watoto na shamba, anaambiwa ana ubongo wa mtoto wa darasa la pili. Na kipimo kimetoka kwa maiti za wagonjwa. Walikula nini utotoni? Waliugua nini?

Gordon alienda mbali zaidi. Alionya kwamba elimu ya Kizungu inaweza hata kuidhuru akili ya Mwafrika. Mnaona gari linakoelekea? Kama akili imefungwa kwenye damu, basi kumjengea huyu mtu shule ni kutupa pesa.

London iliombwa fedha za utafiti huo ikakataa. Na sisemi sera ya elimu ya ukoloni ilitoka mfukoni mwa Gordon. Ubaguzi ulikuwepo kabla yake. Ila hoja yake iliupa koti jeupe la daktari. Mwaka 1942 elimu ilifanywa ya lazima kwa watoto wa Wazungu. Kwa Waafrika, ripoti ya Beecher ya 1949 ilileta mpango wa miaka minne, kisha mtihani wa kuchuja, na wengi wakaishia hapo. Wazazi walikuwa wameshajibu kwa mifuko yao: shule huru zilijengwa kwa michango ya wanakijiji, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri. Serikali ilikifunga mwaka 1952. Watu wenye "ubongo wa mtoto" walionekana kuwa hatari kweli wakisoma.

Sasa swali lenyewe: mtoto anarithi akili au la? Anarithi kiasi, tusidanganyane. Pacha wa kufanana, hata wakilelewa nyumba tofauti, alama zao za vipimo hukaribiana. Lakini hakuna jeni moja ya akili. Ziko nyingi mno, kila moja na mchango mdogo sana, na kila mtoto anachanganyiwa upya kutoka kwa baba na mama. Ndiyo maana tumbo moja linatoa daktari na mwingine anayehangaika na hesabu za kuzidisha.

Halafu kuna suala la shamba. Chukua mahindi ya gunia moja. Nusu panda Kitale kwenye mbolea, nusu panda kwenye changarawe. Ndani ya kila shamba, mmea kumzidi mwenzake kunaweza kutokana na mbegu. Lakini tofauti kati ya shamba na shamba ni udongo. Anayelinganisha kabila na kabila, au Muthaiga na Mathare, halafu anataja damu, amesahau udongo.

Ushahidi tunao wenyewe, Embu. Watafiti walipima watoto wa vijijini mwaka 1984, wakapima wengine wa umri huohuo mwaka 1998. Katika kipimo kimoja cha kufikiri kwa mafumbo ya picha, wastani ulikuwa umepanda takriban pointi 26. Kwa miaka 14! Damu ya Embu haikubadilika kwa miaka 14. Watafiti walitaja wazazi waliojua kusoma zaidi, familia zenye watoto wachache, na lishe na afya bora.

Kisha, katika shule 12 za hukohuko, wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi moja halikupewa kitu. Waliokula nyama ndio waliopanda zaidi kwenye kipimo kilekile cha mafumbo. Nyama kidogo tu ndani ya githeri, wadau.

Chekechea ni kazi ya kaunti, Katiba ya 2010 imesema hivyo. Kwa hiyo wewe unayebishana hapa chini kuhusu nani amerithi akili ya nani: bajeti ya kaunti yako mwaka huu imeweka shilingi ngapi za uji wa watoto? Weka jibu kwenye majibu, na taja kaunti.