Fununu za Kompyuta Mpya na Soko la Mtumba

Kabla kompyuta mpya haijatoka kiwandani, fununu zake hutangulia: uzito wake, bei yake, hata chaja yake. Siku hizi zinafika Likombe, mjini Mtwara, kwa simu mapema kama zinavyofika London, na kwa mnunuzi wa Mtwara manufaa yake makubwa ni kumdokezea kitakachotupwa Ulaya. Kule zinakoanzia, fununu zimewahi kulaumiwa kwa kuua kampuni. Adam Osborne, Mwingereza mzaliwa wa Bangkok, alianza mwaka 1981 kuuza Marekani kompyuta ya kubebeka yenye uzito wa karibu kilo 11 kwa dola 1,795. Mwaka 1983 habari za mashine zake zijazo zilienea kabla ya mashine zenyewe kufika madukani. Wateja wakaahirisha kununua, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikafilisika. Kisa hiki hutiwa chumvi, maana ushindani nao ulishamwelemea, lakini kinaonyesha fununu hufanya kazi pale tu mnunuzi anapokuwa na uwezo wa kuchagua.

Tanzania ya miaka hiyo haikuwa na mnunuzi wa namna hiyo. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, mambo yakaenda mrama, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya 1980. Kwa hiyo, wakati vijana wa Uingereza wakibishana kuhusu kompyuta ya Sinclair itakayofuata, huku kwetu swali lilikuwa ni nani atapata kibali. Hata baadaye, habari zilizokuwa na uzito Kusini mwa nchi hazikutoka kiwandani: mwaka 2001 ushuru wa kompyuta ulifutwa, na mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, mzigo wa kutoka Dar es Salaam ukaacha kungoja kivuko cha Rufiji.

Mashine nyingi zinazopita Kariakoo kuja mikoani ni mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, za maofisini, zilizotumika miaka mitatu minne kisha zikauzwa kwa jumla. Ndiyo maana tangazo la Microsoft la Juni 2021 kuhusu Windows 11 lilikuwa kubwa kwetu kuliko uzinduzi wowote. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane ziliachwa nje, na Windows 10 ikapangiwa kikomo, Oktoba 14, 2025. Chukua EliteBook 840 G4 na G5, uziweke mezani. Ndani, moja ina i5-7300U, nyingine i5-8350U. Tarakimu hiyo ya kwanza baada ya kistari ndiyo iliyotenganisha mashine ya kubaki ofisini na ya kuondolewa. Aliyelifuatilia tangazo lile alikuwa na miaka minne ya kujua kwamba G4 zitamwagika sokoni.

Kuna watakaosema Windows 10 haikuzimika siku hiyo, na G4 bado inaandika barua na kupiga hesabu za chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Ni kweli, na anayeweza kuweka Linux hana haja ya kuikimbia. Ila masasisho ya usalama ya kawaida yamekoma, na hilo ni sababu tosha ya kushusha bei. Wengine watasema mwenye fedha ananunua anapozipata. Hapo wana nguvu zaidi, kwa sababu minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU huanza kwa kawaida Oktoba, na fedha zake hazingoji kalenda ya Microsoft. Lakini kujua kipi kinaporomoka bei hakumzuii mtu kununua msimu huo. Kunampa nguvu ya kubishana na muuzaji anayetaka bei ya G5 kwa G4.

Vifaa vya pembeni navyo vina kalenda yao. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kompyuta mpakato mpya zinazouzwa huko kuanzia Aprili 28, 2026 ziweze kuchajiwa kwa USB-C. Mashine hizo zitaanza kuonekana Mtwara baada ya miaka kadhaa. Mpaka hapo chaja za pini zitaendelea kutafutwa, kwa hiyo mwenye duka asizitupe, ingawa si busara kununua shehena nzima.