Muadh bin Jabal: Muflisi Aliyerudishiwa Amana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Liko swali ambalo maimamu wetu huulizwa mara kwa mara, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini baada ya swala. Mtu alikopa, akashindwa kulipa, mali yake ikauzwa na jina lake likaenea sokoni. Miaka imepita, naye amelipa au bado analipa kidogo kidogo. Lakini hapewi bidhaa kwa mkopo, hashirikishwi katika biashara, na akitajwa kushika mfuko wa msikiti watu hutazamana. Je, sheria ya Kiislamu inasemaje juu yake? Akishaanguka anainuka vipi, na ni nani mwenye wajibu wa kumpa mkono?

Jibu la swali hili halimo katika milango ya fiqhi peke yake. Limo pia katika historia ya Sahaba mtukufu, ambaye wengi wetu tunamjua kwa elimu yake lakini hatumjui kwa madeni yake.

MAANA YA MUFLISI

Neno muflisi linatokana na fals, sarafu ndogo ya shaba. Waarabu walimwita hivyo mtu aliyekuwa na dinari za dhahabu na dirhamu za fedha, kisha akawa hana ila vipande vya shaba. Kiswahili chetu kimelichukua neno hilo kwa pande mbili: tunasema fulusi tukikusudia pesa, na tunasema kufilisika tukikusudia kuishiwa nazo.

Kwa mafakihi, muflisi ni yule ambaye madeni yake yaliyofika wakati wa kulipwa yamezidi mali aliyo nayo. Tazama kwamba maana hii inahusu hesabu ya mali, wala haitaji tabia ya mtu. Mafakihi hawakumwita muflisi mwizi wala mwongo. Mwizi ana mlango wake katika vitabu, na muflisi ana wake.

MUADH NA WADAI WAKE

Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa Ansari wa kabila la Khazraj. Alihudhuria ahadi ya Aqaba akiwa kijana, na Mtume (S.A.W.) alimsifu kuwa ndiye mjuzi zaidi katika umma huu wa mambo ya halali na haramu. Pamoja na elimu hiyo alikuwa karimu asiyeweza kuzuia kitu mkononi. Alitoa na akakopa, akakopa na akatoa, mpaka madeni yakaimeza mali yake yote.

Wadai wake walipomjia Mtume (S.A.W.) kudai haki yao, alizungumza nao ili wampunguzie. Hawakukubali. Wapokezi wanasema kwamba lau wangekuwa wa kumsamehe mtu yeyote kwa ajili ya mtu, basi wangemsamehe Muadh kwa ajili ya Mtume (S.A.W.). Hapo Mtume (S.A.W.) akamzuia Muadh asiitumie mali yake, akaiuza na kuwagawia wadai. Katika baadhi ya riwaya imetajwa kuwa walipata sehemu tano katika saba za haki zao.

Habari hii imepokewa na al-Daraqutni na al-Hakim kwa isnadi iliyounganishwa hadi kwa Kaab bin Malik (r.a.), na imepokewa na Abdurrazzaq na Abu Daud ikiwa mursal, na wako wanavyuoni walioona kuwa mursal ndiyo yenye nguvu zaidi. Hata hivyo wengi wao wameitegemea katika mlango wa kufilisi.

Na tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza, Mtume (S.A.W.) hakuwalazimisha wadai kusamehe. Aliwaombea, walipokataa akawapa haki yao, wala mapenzi yake kwa Muadh hayakugeuka kuwa dhuluma kwa wengine. La pili, ujuzi na uchamungu wa Muadh havikumkinga na hukumu. Mali ya mwanachuoni iliuzwa kama inavyouzwa mali ya mtu mwingine.

SAFARI YA YEMEN

Lau habari ingeishia hapo, tungekuwa na hukumu ya kufilisi tu. Lakini katika mwaka wa 9 au wa 10 Hijria, kwa kutofautiana riwaya, Mtume (S.A.W.) alimtuma Muadh kwenda Yemen, na akamweleza kuwa anataraji huenda Mwenyezi Mungu akamuunga, yaani akaziba pengo lililompata.

Na alitumwa kwa kazi gani? Alitumwa awe mwalimu, awe kadhi, na akusanye zaka kwa matajiri ili irudishwe kwa mafakiri wao. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim mna usia wa Mtume (S.A.W.) kwake kwamba ajiepushe na kuchukua vile vilivyo bora katika mali za watu, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa.

Tufikiri kidogo. Mtu ambaye mali yake imenadiwa kwa kushindwa kulipa deni anakabidhiwa zaka za nchi nzima. Sisi leo tungemwambia akae pembeni kwanza. Mtume (S.A.W.) alitazama sababu ya kuanguka kwake, akaona kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa lakini moyo wake haukuwa na hiana. Basi akampa kazi ambayo ndani yake mna riziki na pia mna nafasi ya watu kumwona tena akishika amana. Aliyefilisika hahitaji huruma peke yake. Anahitaji kazi na mtu wa kumwamini nayo.

HESABU MBELE YA ABUBAKAR

Muadh alirudi Madina baada ya Mtume (S.A.W.) kufariki mwaka 11 Hijria (632), wakati wa ukhalifa wa Abubakar (r.a.). Alirudi na mali, kwa kuwa alikuwa amefanya biashara huko. Umar (r.a.) akaona kwamba Khalifa aichukue mali hiyo na kumwachia Muadh kiasi cha kumtosha. Abubakar akakataa kumnyang'anya kitu, akitoa hoja kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma ili aungwe. Umar akamwendea Muadh mwenyewe, naye pia akakataa.

Kisha inasimuliwa kwamba Muadh aliota yumo katika hatari na Umar akamwokoa. Alipoamka alikwenda kwa Abubakar akaweka mbele yake kila kitu alichokuja nacho, hata mjeledi wake, akaapa kuwa hakuficha chochote. Abubakar akamwachia yote kuwa tunu, na Umar akasema kwamba sasa ndipo imekuwa halali njema kwake.

Katika kisa hiki kila mmoja ana sehemu yake. Abubakar alilinda nafasi aliyopewa mtu aliyeanguka. Umar alitaka hesabu, na kutaka hesabu si kumdhulumu mtu. Muadh naye alifungua mzigo wake kwa hiari, na imani ya watu kwake ikatimia kwa kitendo hicho. Aliyewahi kuanguka asione uzito kuulizwa, na anayeuliza asifanye swali lake kuwa tusi.

Muadh alifariki mwaka 18 Hijria (639) katika tauni ya Amwas huko Sham, akiwa ameshika uongozi wa Waislamu wa huko baada ya kufariki Abu Ubayda (r.a.). Deni lake limetajwa vitabuni, lakini halikuwa la mwisho kutajwa katika maisha yake.

ASIYEFANANA NAYE

Isidhaniwe kuwa kila mwenye deni ni Muadh. Imam Malik amepokea katika Muwatta habari ya mtu wa Juhayna aliyeitwa Usayfi. Huyu alikuwa akinunua ngamia wazuri kwa bei ya juu ili afike Hija kabla ya mahujaji wengine na asifiwe kwa hilo. Akafilisika. Umar (r.a.) akasimama mbele ya watu, akalitaja jambo lake waziwazi, akawataka wenye madai waje asubuhi wagawiwe mali yake, na akawatahadharisha watu na madeni kwa kuwa mwanzo wake ni hamu na mwisho wake ni hasara.

Hukumu ya mali ni moja kwa wote wawili: iliuzwa na ikagawiwa. Tofauti iko katika sababu. Kwa hiyo anayetaka kuaminiwa upya aanze kwa kujiuliza kwa ukweli ni kipi kilichomwangusha: msiba, ukarimu usio na kipimo, au kupenda kuonekana? Asiyeijua sababu atairudia.

WANAVYUONI WALIVYOPANGA JAMBO HILI

Kutokana na habari kama hizi mafakihi walijenga mlango wa taflisi. Imam Abu Hanifa (Mwenyezi Mungu amrehemu) hakuona kwamba mtu huru mwenye akili azuiwe mali yake kwa ajili ya deni. Kwake yeye, kadhi humfunga mdaiwa mpaka auze mwenyewe. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walikhitalifu naye na wakawa pamoja na jumhuri katika kujuzisha kuzuiwa.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani yetu, Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) imetaja mambo ambayo mwanafunzi huyapita haraka. Kadhi humzuia muflisi kwa maombi ya wadai, na ni sunna ashuhudishe juu ya kuzuiwa huko ili watu wajihadhari. Mali yake huuzwa na kugawiwa kwa uwiano wa madeni, lakini huachiwa nguo zinazomfaa na chakula cha siku ya mgawanyo kwake na kwa wanaomtegemea. Ndoa yake na talaka yake ni sahihi. Na akinunua kitu kwa deni katika dhima yake, ununuzi huo ni sahihi kwa kauli yenye nguvu: anayetaka kumwamini hajakatazwa.

Kisha linakuja jambo ambalo ndilo kiini cha makala yetu. Kwa Mashafii, kuzuiwa huko hakuondoki kwenyewe kwa kauli iliyo sahihi zaidi; huondolewa na kadhi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuweka. Wamaliki wao wanaona kuwa kunaondoka kwa kukamilika mgawanyo na mdaiwa kuapa kuwa hakuficha kitu, hata bila ya hukumu. Njia ni mbili, na zote mbili zina mwisho. Hakuna madhehebu yaliyomfanya mtu kuwa mwenye kuzuiwa milele. Aliyetangaza kufungwa kwa mlango ana wajibu wa kutangaza kufunguliwa kwake.

Lakini kufunguliwa mlango si kufutwa deni. Kilichobaki hubaki katika dhima, na akipata atalipa. Sura ya al-Baqara, aya ya 280, imeamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na imeeleza kuwa kumsamehe ni bora. Muda ni haki yake, na msamaha ni hisani ya mdai. Ama mwenye uwezo anayechelewesha, huyo Mtume (S.A.W.) amemhesabu kuwa ni dhalimu.

Hata hazina ya umma ilikuwa na sehemu. Wadaiwa wametajwa katika aya ya 60 ya Sura ya at-Tawba miongoni mwa wanaopewa zaka. Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kati ya 99 na 101 Hijria (717 hadi 720), alimwandikia gavana wake wa Iraq awatafute wenye madeni awalipie, kwa sharti kuwa walikopa bila ya upumbavu wala israfu.

HALI YETU LEO

Leo aliyeshindwa kulipa hatangazwi sokoni na kadhi. Kenya, tangu 2010, zimekuwepo taasisi zinazohifadhi kumbukumbu za wakopaji, ambazo watu huziita CRB, na Tanzania nayo inazo. Katika asili yake jambo hili halipingani na fiqhi, kwani nayo imeruhusu watu wajulishwe ili wajihadhari. Tatizo hutokea pale mtu anapolipa na jina lake likaendelea kubeba deni lililokwisha.

Kwa hiyo tunamuusia ndugu aliyeanguka: andika madeni yako yote na usimfiche mdai yeyote, nenda kwao kabla hawajaja kwako, usimpendelee mdai mmoja kwa kificho, unapolipa, hata kidogo, chukua maandishi, kwani aya ya 282 ya al-Baqara imetuamrisha kuandika deni, na ukimaliza dai uthibitisho kwamba umemaliza. Wala usijaribu kusafisha jina kwa kuchukua mkopo mwingine wa riba. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah lilikwisha kubainisha mwaka 1985 kuwa riba ya benki ni haramu, na aliyetumbukia shimoni hachimbi zaidi ili atoke.

Na tunawausia maimamu na wenye mali: anayelipa apewe muda. Aliyemaliza kulipa atajwe kuwa amemaliza, pale pale alipotajwa kuwa amefilisika. Na apatikane mmoja wa kumpa kazi ya amana, ndogo kwanza, yenye hesabu iliyo wazi. Kumwacha mtu nje baada ya kutimiza haki za watu ni kumzidishia adhabu ambayo hakuna kadhi aliyeihukumu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaunge waliovunjika, awalipie wenye madeni, na atulinde sisi sote na mzigo wa haki za watu. Wallahu a'lam.