Namna mitandao ya simu inavyozitambua faksi na data

Njia ya simu inayobeba salamu za mtu na jamaa yake ndiyo hiyo hiyo inayobeba faksi ya hospitali au data za benki. Mtambo wa kampuni ya simu hauelewi maana ya yanayopita humo. Huitambua aina ya simu kwa kusikiliza milio.

Mashine ya faksi inayopiga simu hutoa mlio wa hezi 1100 kwa nusu sekunde, hunyamaza kwa sekunde tatu, kisha huurudia. Mashine inayopokea hujibu kwa mlio mwembamba zaidi, wa hezi 2100, unaodumu takriban sekunde tatu. Baada ya hapo mashine hizo huelezana uwezo wao kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde, ndipo ukurasa huanza kutumwa. Modemu za kasi nazo hujibu kwa hezi 2100, lakini huugeuza mlio huo ghafla kila baada ya milisekunde 450. Kanuni hizo zimewekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU.

Haja ya kuzitofautisha simu hizo ilionekana mapema katika mawasiliano ya masafa marefu. Kituo cha Longonot nchini Kenya, kilichoanza kazi mwaka 1970, kiliiunganisha Afrika Mashariki na dunia kwa satelaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Sauti huchukua takriban robo sekunde kufika upande wa pili, na mzungumzaji husumbuliwa na mwangwi wa maneno yake. Vifaa vya kuzuia mwangwi huwasaidia wanaozungumza, lakini huvuruga modemu zinazotuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mlio wa hezi 2100 ni amri pia: huvitaka vifaa hivyo vijizime.

Katika simu za intaneti tatizo ni jingine. Sauti ya kawaida ya simu huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde, lakini zipo njia za kuibana hadi kilobiti 8. Mbinu hizo zimebuniwa kwa kufuata sauti ya binadamu, na faksi ikipitishwa humo huharibika. Mtambo ukiusikia mlio wa faksi, huacha kuibana sauti, au huhamia kwenye utaratibu wa T.38, uliopitishwa mwaka 1998, ambao huusafirisha ukurasa wenyewe kama data.

Ipo mitandao isiyolazimika kubahatisha. Katika ISDN, ombi la kuunganisha simu hutaja tangu mwanzo iwapo ni mazungumzo au data. Katika GSM, mteja aliweza kupewa namba tatu: moja ya sauti, moja ya faksi na moja ya data.

Mlio usipotambuliwa kwa wakati, simu hukatika au ukurasa hufika nusu. Ikiwa ukurasa huo ni barua ya rufaa ya mgonjwa, daktari anayemsubiri hataipata. Hata ripoti ya mashine kwamba faksi imefika huthibitisha jambo moja tu: mashine nyingine imepokea. Kama kuna mtu aliyeisoma, hilo haliwezi kujulikana kwa mlio wowote.