Ninunue Nyumba au Nipange? Mafundisho ya Mji wa Tanga

Vitabu tayari? Somo letu la leo ni la historia, lakini si la wafalme wala la vita. Ni historia ya nyumba.

Tuseme wewe unakaa Nguvumali, katika mji wa Tanga. Umepanga vyumba viwili na umeweka akiba kidogo. Kila ukiuliza bei ya nyumba, imepanda. Unajiuliza: ninunue sasa, au niendelee kupanga? Hapana jibu moja la kuwafaa watu wote. Lakini Tanga imekwisha kuona mambo haya zamani, nasi yatupasa kujifunza.

Mwaka wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka ule ule Dr. Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyopona. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba makubwa, na watu wengi wakaja kutafuta kazi mashambani, relini na bandarini.

Mgeni hana nyumba. Hana budi kupanga. Basi nyumba ya Kiswahili ikawa mali. Mnaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vingine akapangisha. Katika miji ya pwani wanawake wengi walipata riziki kwa njia hii.

Sasa tazama jinsi bei inavyokwenda. Vita ya Korea ilipoanza mwaka wa 1950, bei ya mkonge ilipanda sana, kisha ikaanguka. Mwaka wa 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Baadaye dunia ikapenda kamba za plastiki, na miaka ya 1990 mazao hayakufika hata tani 40,000. Kazi ikipungua, wapangaji nao hupungua. Bei ya mkonge hushuka, na bei ya nyumba yaweza kushuka, lakini deni halishuki.

Pili, tuitazame sheria. Tangu mwaka wa 1923 sheria ilisema ardhi ya Tanganyika ni ya umma. Viwanja vichache vilivyokuwa mali ya mtu milele viligeuzwa mwaka wa 1963 vikawa vya kukodi kwa miaka 99. Basi anayenunua nyumba hanunui udongo. Hununua haki ya kuutumia kwa muda.

Mwezi wa Aprili, 1971, serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kwa hiyo wenye majumba walipotewa na mali. Wapangaji nao walikuwa na sheria ya mwaka wa 1984 ya kuzuia kodi isipande ovyo, nayo ikafutwa mwaka wa 2005. Tangu hapo ngao ya mpangaji ni mkataba wake.

Mwaka wa 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta kutoka Uganda liliwekwa Chongoleani, karibu na mji wa Tanga. Habari kama hiyo huwafanya watu wakimbilie viwanja. Wewe usikimbie, piga hesabu kwanza.

Huu ni mfano tu. Nyumba yauzwa shilingi 36,000,000. Kodi ya nyumba kama hiyo ni shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Gawanya: bei ni sawa na kodi ya miaka 20. Mwakani bei yawa 54,000,000, na kodi ni ile ile. Sasa ni miaka 30. Bei imekimbia, kodi imebaki nyuma. Hapo mnunuzi halipii nyumba tu, analipia pia matumaini ya watu. Lakini kodi nayo ikipanda, na wewe wataka kukaa hapo maisha yako yote, kununua kwaweza kukufaa.

Ukiamua kununua, soma hati. Jina lililoandikwa ni la nani? Imebaki miaka mingapi? Kama ni nyumba ya mume na mke, je, wote wawili wamekubali kuuza? Ukiamua kupanga, soma mkataba: kodi ni ya miezi mingapi, na mwenye nyumba akitaka uhame atakupa muda gani?

Usitie sahihi, wala dole gumba, juu ya karatasi usiyoisoma. Ndiyo maana mmekuja darasani.

MASWALI
1. Kwa nini wageni wengi walikuja Tanga baada ya mwaka wa 1893?
2. Anayenunua nyumba hununua nini hasa?
3. Piga hesabu: nyumba ya mtaani kwako ni sawa na kodi ya miaka mingapi?